MAFUTA HEWANI: BILA BOMBA LA MAFUTA, NDEGE YA VITA NI PAMBO TU

Leo tuongelee vita, ila tuache mabomu pembeni kidogo. Tuongelee mafuta.

Mnakumbuka Juni 2025 Marekani ilipovipiga vituo vya nyuklia vya Iran. Ndege saba aina ya B-2 ziliondoka jimbo la Missouri, zikakaa angani kama saa 18 ndipo zikafika. Vijiweni ubishi wote ulikuwa juu ya lile bomu kubwa, lina uzito gani, linachimba chini kiasi gani. Swali ambalo wachache waliuliza ni hili: hivi zile ndege zilijazia wapi mafuta? Jibu ni kwamba zilijaziwa huko huko hewani, tena zaidi ya mara moja, na ndege nyingine zilizotangulia kuzisubiri njiani.

Kwa mtazamo wangu siri ya ubabe wa wakubwa iko hapo. Mabomu wanayo wengi. Uwezo wa kwenda mbali bila kumpigia mtu hodi wanao wachache sana.

KAZI YENYEWE IKOJE?

Sisi watu wa Rungwe tunaweza kuielewa haraka. Yale malori ya mafuta yanayopita hapa Tukuyu kushuka Kasumulu kwenda Malawi tunayaona kila siku. Sasa chukua lori moja liko kwenye mteremko, ukungu umetanda, na wewe uko nyuma yake na pikipiki. Unatakiwa uchomeke mpira wa mafuta kwenye tanki lako bila lori kusimama na wewe bila kusimama. Ukipunguza mwendo mpira unachomoka, ukizidisha unaligonga lori. Halafu pikipiki inazidi kuwa nzito kadiri mafuta yanavyoingia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, ila wenzetu wanaifanya maelfu ya mita juu ya ardhi, na mara nyingi usiku.

Jambo hili si geni. Wamarekani walilifanya kwa mara ya kwanza Juni 1923, mpira ukishushwa kutoka ndege ya juu na jamaa wa chini akaudaka kwa mkono! Leo njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni bomba gumu linalotoka mkiani mwa ndege ya mafuta, na kuna mtu anayeliongoza mpaka liingie kwenye tundu la ndege inayopokea. Linatoa zaidi ya lita 3,000 kwa dakika. Ya pili ni mpira mrefu wenye kikapu mwishoni, na ndege inayopokea ina mrija mbele ambao rubani anautumbukiza kwenye kile kikapu mwenyewe. Njia hii ya pili ni ya polepole lakini hata helikopta inaweza kuitumia.

Helikopta ndiyo yenye balaa zaidi. Ndege ya mafuta kama C-130 inabidi ipunguze mwendo mpaka karibu na kiwango cha kuanguka, na wakati huo huo helikopta inakimbia karibu na mwisho wa uwezo wake. Mmoja anajikokota, mwenzake anahema. Na juu ya helikopta kuna mapanga yanazunguka, yakiugusa ule mpira ni msiba.

Na misiba imetokea. Tarehe 17 Januari 1966, ndege ya Marekani ya B-52 iligongana na ndege ya mafuta juu ya Palomares, Hispania. Watu saba walikufa na mabomu manne ya nyuklia yakadondoka. Mungu saidia hayakulipuka kinyuklia, ila mawili yalipasuka yakamwaga sumu mashambani. Msidhani ni mambo ya zamani tu. Desemba 2018 karibu na Japani ndege ya kivita ya Marekani iligongana usiku na ndege ya mafuta, wanajeshi sita wakafa. Hao ndio wanaoongoza duniani kwa kazi hii.

MOGADISHU 1991: WALIOKUWA NA MPIRA

Tuje huku kwetu. Januari 1991 Mogadishu ilikuwa inawaka moto, serikali ya Siad Barre iko mbioni kuanguka. Ubalozi wa Marekani ulikuwa umezingirwa na fujo, na ndani yake wamekimbilia watu wa mataifa mengi. Manowari za Marekani, Guam na Trenton, zilikuwa bado mbali baharini. Kuzisubiri zifike karibu ingekuwa kuchelewa.

Basi usiku wa kuamkia tarehe 5 Januari wakarusha helikopta mbili kubwa aina ya CH-53E. Zilikuwa na safari ya kilomita kama 860, karibu sawa na basi linalotoka hapa Tukuyu mpaka Dar. Zisingefika bila kujaziwa njiani, kwa hiyo ndege za mafuta aina ya KC-130 zilizokuwa na kituo Bahrain zikaja kukutana nazo juu ya bahari, gizani. Katika kujaza huko, ndani ya helikopta moja paipu lilipasuka na mafuta yakawamwagikia askari waliokuwa wamekaa humo. Hebu fikiria umelowa mafuta ya ndege, uko juu ya Bahari ya Hindi usiku, na unakoelekea watu wanarushiana risasi. Walikaribia kabisa kugeuza. Hawakugeuza, alfajiri wakatua ubalozini. Mpaka operesheni inakwisha, watu 281 walikuwa wameondolewa salama.

Angalia jambo moja hapo. Hawakutua Kenya kujaza mafuta, hawakumwomba jirani yeyote wa Somalia uwanja. Mpira ule uliwaondolea kazi ya kuomba.

ENTEBBE 1976: WALIOKUWA HAWANA

Sasa linganisheni na Entebbe. Julai 1976 makomando wa Israel walikwenda Uganda kuwaokoa mateka wa ndege ya Ufaransa. Walitumia ndege nne za C-130, safari ya kilomita kama 4,000. Mafuta yalitosha kwenda, hayakutosha kurudi. Sinema zinaonyesha risasi tu, lakini waliopanga walikuwa wanaumiza kichwa kuhusu mafuta. Walibeba hata pampu ili ikibidi wanyonye mafuta ya pale pale Entebbe, chini ya pua ya Idi Amin!

Kilichowaokoa ni Nairobi. Walipata nafasi ya kutua Kenya, wakajaza, wakaondoka. Wao wakarudi kwao kushangiliwa. Kenya je? Kenya ilibaki hapa hapa jirani na Amin. Wakenya waliokuwa Uganda waliuawa kwa kisasi. Mei 1978 Bruce McKenzie, aliyewahi kuwa waziri wa Kenya na aliyetajwa kusaidia mpango ule, alikufa kwa bomu lililotegwa kwenye ndege akitoka Uganda. Upande wa pili, mafuta ya Uganda yalipitia Kenya, na uhasama ulipopanda mwaka ule wa 1976 yakaadimika Kampala. Raia wa kawaida, ambaye hakuteka ndege wala kuokoa mtu, akawa anakaa foleni.

Kwa hiyo wadau, ndege ya vita isipopewa mafuta hewani lazima imtegemee jirani, na jirani huyo analipa bei ambayo mgeni halipi. Mgeni anaruka anaondoka. Jirani hawezi kuhamisha nchi.

NA SISI TANZANIA?

Sisi wenyewe tulishaonja. Machi 1979, katika vita ya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuipiga Mwanza. Ilikosa mji, makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Tulicheka, lakini tusisahau kilichofuata: ndege zetu zilijibu kwa kupiga maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo. Makamanda wetu walijua kitu ambacho vijana wa leo tunasahau, kwamba ukimkatia adui mafuta humalizi risasi nyingi.

Mpaka leo sio sisi, sio Kenya, sio Uganda mwenye ndege maalum ya mafuta. Uganda ilinunua ndege za Kirusi Su-30MK2 kati ya 2011 na 2012, na zina mrija wa kupokelea mafuta hewani, lakini ndege maalum ya kuzimiminia haina. Kwa Afrika waliowekeza kwenye ndege za namna hiyo ni wachache, kama Algeria na Morocco. Afrika Kusini ilikuwa nazo, Boeing 707 za zamani, ikazistaafisha mwaka 2007. Gharama bwana.

Najua kuna watakaosema na sisi tununue. Mimi nasema hapana. Ndege ya mafuta peke yake haifanyi kazi. Inataka ndege za kupokea, marubani wanaofanya mazoezi ya usiku mara kwa mara, mafundi, vipuri, na mafuta ya kumwaga kwenye mazoezi tu. Ndege zetu za kivita za ukoo wa F-7 za Kichina ni za kulinda anga la nyumbani, hazikutengenezwa kwenda mbali. Tukinunua tutakuwa kama mtu aliyenunua jenereta wakati nyumba haina nyaya.

Tunachohitaji ni vitu viwili. Cha kwanza, akiba ya mafuta na viwanja vizuri sehemu mbalimbali za nchi, ili helikopta inayokwenda kuokoa watu wa mafuriko au ajali isikwame njiani. Hiyo haina sifa kwenye gwaride lakini inaokoa roho.

Cha pili ni kikubwa zaidi, nacho ni uwazi. Tuna pwani ndefu, tuna viwanja, tuko mahali ambapo mkubwa yeyote mwenye shida Kongo, Msumbiji au Bahari ya Hindi anaweza kututamani. Siku akija mtu kuomba "nitue tu nijaze mafuta, nusu saa naondoka", nani atajibu? Watu wawili ofisini usiku, au Bunge litajua? Nairobi ya 1976 inatufundisha kwamba kujaza mafuta ni kushiriki. Hakuna kusema mimi niliuza mafuta tu, vita haikuwa yangu. Aliyepigwa hataangalia risiti.

Sisemi tukatae kila mtu. Kuokoa mateka ni jambo jema, na hata watu wale wa Mogadishu walistahili kuokolewa. Ninachosema ni kwamba atakayelipa bei ya kisasi ni mfanyabiashara wa mpakani, dereva wa lori na mwanafunzi aliyeko nchi jirani. Hao wana haki ya kujua walichoingizwa, angalau kupitia wawakilishi wao. Sisi tunaokaa barabara ya Kasumulu tunalijua hili kuliko watu wa Dar: mpaka ukinuna, maparachichi na ndizi zinaozea kwenye gari.

Hivyo siku nyingine mkiona ndege ya kivita kwenye televisheni inapita kwa mbwembwe, msiulize ina mabomu mangapi. Ulizeni inajaza wapi, na nani atabaki na lawama ikishaondoka.

Mnasemaje wadau? Karibuni tubishane kwa hoja, matusi hapana.