Seva ya biashara yako: neno "bure" linatupotosha

Mfanyabiashara akija kwangu kutaka tovuti, akishauliza bei, swali linalofuata huwa hili: tutumie programu za seva za kununua au zile za bure? Mimi nasema swali limekaa vibaya, na leo nataka kueleza kwa nini.

Kwanza tuelewane. Seva ni kompyuta inayokesha ikisubiri wateja wafungue tovuti yako. Ndani yake mna mfumo endeshi, programu ya kutoa kurasa na hifadhidata. Unaweza kununua leseni, kwa mfano Windows Server pamoja na IIS yake. Au unaweza kutumia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Humo kuna Linux, Apache iliyoanza 1995, nginx ya 2004, MariaDB, PostgreSQL na nyingine nyingi.

Kwa biashara nyingi ndogo hapa kwetu mimi nachagua huria. Lakini sichagui kwa sababu ni bure.

Tuangalie pesa. Leseni ya Windows Server 2022 Standard, ya kori 16, bei ya Microsoft yenyewe ilikuwa zaidi ya dola 1,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi laki moja. Ukikodi seva badala ya kununua, gharama hiyo huingizwa kwenye kodi ya kila mwezi. Basi mwenye duka la vipuri anasikia "huria", anafurahi kwamba ameokoa laki, na hamlipi mtu yeyote kuitunza seva. Hapo ndipo shida inapoanza. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Kumbukeni Equifax ya Marekani mwaka 2017. Tundu lilipatikana kwenye Apache Struts, ambayo ni programu huria. Kiraka cha kuliziba kilitolewa mwezi wa Machi. Kampuni haikukiweka, wadukuzi wakaingia Mei, na data za watu takriban milioni 147 zikaibwa. Kiraka kilikuwa bure. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kimewekwa.

Sasa msikimbilie kusema, "Si nilijua, afadhali ya kununua!" Julai 2001 mnyoo wa kompyuta ulioitwa Code Red ulivamia seva za IIS zaidi ya 350,000 kwa muda usiofika siku moja. Microsoft walikuwa wametoa kiraka karibu mwezi mmoja kabla. Watu walikuwa na programu ya kulipia, na bado waliumia kwa sababu ile ile.

Na sisi wapenzi wa huria tuache kujisifu kwamba macho mengi yanaona kila kosa. Kosa la Heartbleed, lililotangazwa Aprili 2014, lilikaa ndani ya OpenSSL miaka miwili. Programu hiyo ilikuwa ikilinda sehemu kubwa ya intaneti, ilhali mradi wenyewe ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Kila mtu aliitumia, wachache mno waliilipia kazi yake.

Mbona basi bado nachagua huria? Kwa sababu ya uhuru wa kuondoka. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8 ingefikia mwisho wake 31 Desemba 2021, wakati watu walikuwa wakiitegemea hadi 2029. Kelele zilikuwa nyingi, lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, mwaka 2021 zikatoka AlmaLinux na Rocky Linux, na seva zikahamishwa bila kujenga tovuti upya. Linganisha na Juni 2019, cPanel ilipotangaza kutoza kwa idadi ya akaunti badala ya bei moja kwa seva nzima. Mwenye akaunti nyingi alikuwa na mawili tu: alipe au ahame kabisa. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuiendeleza cPanel ile ile kwa bei ya zamani.

Zipo hali ambapo nitakwambia ununue. Kama mfumo wako wa hesabu umeandikwa kwa ajili ya Windows pekee, au fundi wako anaijua Windows vizuri na Linux haijui kabisa, nunua leseni ulale usingizi. Seva ambayo fundi wako anaielewa ni salama kuliko ile anayoibahatisha.

Kwa wengine wote, ile laki uliyookoa usiile. Mlipe mtu nayo kidogo kidogo kila mwezi, na umuulize haya. Nani anaweka viraka, na siku gani? Nakala za akiba ziko wapi, na umewahi kujaribu kuzirudisha? Ukipotea kesho, mtu mwingine ataweza kuendelea? Na jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako wewe mwenye biashara, lisiwe la fundi.

Ndiyo maana bei yangu ina mistari miwili: kujenga na kutunza. Wengi huomba nifute wa pili. Huwa nawaambia heri tupunguze kurasa za tovuti, ule mstari ubaki.