Wasichana wa Shule na Vitoa Machozi: Nani Alikuwa Anaogopa Nani?

Kwani igizo la wanafunzi linahitaji polisi wangapi?

Aprili 10, 2025, Nakuru. Wasichana wa Butere wako kwenye tamasha la kitaifa la drama na igizo lao, Echoes of War. Mahakama Kuu imeshaamuru waruhusiwe kuigiza. Lakini mwandishi wao, mwanasiasa anayejulikana vizuri tu, amekamatwa, ukumbi hauna watazamaji, na huko nje raia na wanahabari wanarushiwa vitoa machozi. Mabinti wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani, wakaondoka. Basi.

Hapo ndipo wakubwa walijichoma. Igizo ambalo lingeonwa na watu wa ukumbi mmoja likawa stori ya nchi nzima. Hata mtu ambaye hajawahi kununua tiketi ya maigizo alikuwa anauliza: hawa watoto walitaka kusema nini?

Ukweli ni kwamba walichotaka kusema hakikuwa siri. Igizo lina nchi ya kubuni, ina vijana wa kizazi cha mitandao, ina watawala ambao vijana hao hawawaamini tena. Chini ya mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 2024, vijana halisi walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na wengine hawakurudi nyumbani. Sasa hapo cha kubuni ni kipi?

Na si mara ya kwanza. Mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, kisa cha maskini anayepokonywa kashamba kake na tajiri. Igizo likapigwa marufuku, mwandishi mmoja akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Je, kesi za mashamba ziliisha? Wapi!

Jukwaa halileti shida, linaionyesha tu mapema, wakati bado inaweza kurekebishwa. Posti utaipitisha kwa kidole, lakini binti wa miaka 17 akisimama mbele yako akikutazama machoni, utapitisha nini? Kiongozi mwerevu angekaa kiti cha mbele, asikilize, apige makofi, arudi ofisini na kazi ya kufanya.

Kila mtoto huambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, na mkuu asiyesikia la mtoto je?