Dawa ya Deni ni Kulipa, Lakini kwa Haki

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Katika parokia zetu nyingi matanga hayo hufanyika kimya kimya. Mwalimu hupokea mshahara usiokaa mkononi hata siku moja. Mama mwuza mboga hufunga genge mapema ili mdai asimkute. Baba huacha kuhudhuria jumuiya kwa kuwa wale waliomdhamini husali hapo hapo. Watu wameipa mikopo ya namna hii jina linaloeleza yote: kausha damu. Tunaandika juu yake kwa sababu si suala la mfuko tu. Ni suala la haki, na la amani ya nyumba.

Tupige hesabu. Mtu akikopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na kila mwezi akamudu kulipa riba peke yake, baada ya miezi kumi atakuwa ametoa shilingi 300,000, na bado anadaiwa 100,000 zile zile. Kwa riba ya asilimia 3.5 angetoa shilingi 35,000 tu kwa muda huo. Tofauti yake, shilingi 265,000, ni karo ya mtoto au ni mtaji wa genge. Kiwango hicho cha 3.5 hatukukiokota njiani. Ndicho kikomo ambacho Benki Kuu ya Tanzania iliwawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani watu binafsi na kampuni zinazokopesha bila kupokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sheria hiyo humtaka mkopeshaji awe na leseni. Hata hivyo, mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya simu bila leseni.

Liko pia jambo la kadi ya benki. Mdai huishika pamoja na namba ya siri, na siku ya mshahara hutangulia yeye kwenye mashine. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, hukataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana nyumba isiyo na jiwe hilo haili. Kadi ya mtumishi na ya mstaafu ndiyo jiwe la kusagia la siku zetu. Na yule anayetuma jina la mdaiwa kwa jamaa na majirani ili kumwaibisha hakusanyi deni, bali anakanyaga utu wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilitungwa ili habari za mtu zisitumiwe ovyo.

Hatusemi kwamba kila mdaiwa ameonewa. Wapo wanaokopa kwa ajili ya ugonjwa na ada, na wapo wanaokopa kwa ajili ya turubai, sare na keki ya Komunyo ya Kwanza, wasije wakaonekana wametindikiwa. Deni halali lazima lilipwe. Kumkwepa aliyekukopesha kwa wema nako ni dhuluma. Basi mtu atokeje?

Kwanza, aandike madeni yote kwenye daftari moja: anamdai nani, kiasi gani, kwa riba gani. Mume na mke walisome pamoja, kwa kuwa deni lililofichwa huzaa deni jingine. Pili, aache kukopa huku ili kulipa kule, isipokuwa mkopo mpya uwe na riba ndogo kwa hakika, na mkataba wake uwe umesomwa kabla ya kutiwa sahihi. Tatu, kila deni lipate malipo yake ya lazima, na kila shilingi ya ziada ielekezwe kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote. Likiisha, fedha yake ihamie kwenye linalofuata. Nne, aende kwa mdai kabla ya siku ya malipo, si baada yake, aombe ratiba mpya kwa maandishi, na kila anapolipa adai stakabadhi.

Lakini mtu aliyezama haogelei kwa mawaidha peke yake. Mwaka 1462, katika mji wa Perugia nchini Italia, Wafransisko walisaidia kuanzisha mfuko wa kuwakopesha maskini kwa gharama ndogo, ili wasiangukie mikononi mwa wala riba. Sisi tunazo SACCOS na VICOBA. Ni vyombo vyema, mradi vitunzwe. Kikundi kisichojali marejesho yametoka wapi huenda kinamfukuza mwanachama wake aende kwa kausha damu ili tu afiche aibu siku ya kikao.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Halmashauri za Walei na kamati za Haki na Amani mambo matatu. Kila parokia ichague watu wawili au watatu waaminifu, wenye kujua hesabu na kutunza siri, ambao mdaiwa anaweza kuwapelekea daftari na mkataba wake. Viwango vya michango na sherehe vipimwe kwa kipato cha mnyonge, si cha tajiri. Na mkopeshaji asiye na leseni, au anayeshika kadi za watu, aripotiwe kwa mamlaka hata kama hukaa kiti cha mbele kanisani.

Dawa ya deni ni kulipa. Ila mgonjwa hupewa dawa kwa kipimo, na hahukumiwi kwa kuugua. Jumuiya ambayo mdaiwa anaikimbia yafaa ijiulize ni kwa nini anaikimbia.