Projekti Inayokufa Siku ya Kutetewa

Septemba 2019 kampuni ya Andela iliwaachisha kazi vijana wapatao 400 katika Nigeria, Kenya na Uganda. Ilikuwa imeanzishwa Lagos mwaka 2014 kwa ahadi iliyowavutia wengi: kijana mwenye kichwa chepesi achukuliwe bila kuulizwa ana shahada gani, anolewe kwa miezi michache katika kuandika programu, kisha akodishwe kwa kampuni za ng'ambo huku akiishi kwao. Kwa miaka kadhaa, aliyetaka kuthibitisha kwamba kusoma sayansi ya kompyuta chuo kikuu ni kupoteza muda alikuwa na mfano mkononi. Sababu iliyotolewa siku ile ilikuwa fupi: wateja hawawataki wanaoanza, wanawataka wazoefu.

Mtetezi wa vyuo angeweza kuchekelea hapo, lakini angekuwa amewahi mno. Mhitimu wa miaka mitatu au minne kutoka vyuo vya Kijitonyama, Dodoma au Juja naye ni mtu anayeanza. Kilichokataliwa na soko hakikuwa ukosefu wa cheti. Kilichokataliwa ni mtu ambaye maisha yake yote ameandika programu kuanzia ukurasa mtupu, peke yake, kwa wiki chache, kisha akaiacha. Mtu huyo hutoka kwenye kozi fupi, na hutoka kwenye shahada vilevile.

Mjadala wetu, hata hivyo, umekwama mahali pengine. Waajiri wanasema vyuo vimejaa nadharia na vitendo ni haba. Wazazi wanaitikia. Wanafunzi wanaitikia kwa sauti kubwa zaidi, hasa waliopigwa sapu ya hisabati na wanaona kudisko kunawanyemelea: nadharia ya seti inahusiana nini na programu ya simu ya kuagizia chakula? Dawa inayopendekezwa ni kupunguza hisabati na kuongeza lugha za programu zinazotajwa kwenye matangazo ya kazi mwaka huu. Mimi naiona dawa hiyo kuwa sumu, na nitaeleza kwa mfano wa kitu ambacho kila msomaji anacho mfukoni.

Chukua akaunti ya fedha ya simu yenye salio la shilingi 50,000. Mwenyewe anatuma 40,000, mtandao unasuasua, anabonyeza tena. Maombi mawili yanafika kwenye seva karibu kwa wakati mmoja. Programu ya mtu aliyejifunza kwa kunakili mifano inafanya kinachoonekana sahihi kabisa: inasoma salio, inaangalia kama linatosha, inatoa, inaandika salio jipya. Ombi la kwanza linasoma 50,000. Kabla halijaandika chochote, la pili nalo linasoma 50,000. Yote mawili yanaona hela ipo. Zinatoka 80,000 kwenye akaunti yenye 50,000, na kwenye kumbukumbu linabaki salio la 10,000 kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliyeiandika anaweza kuijaribu mara mia mezani kwake isikosee hata mara moja, kwa sababu mezani kwake mtumiaji ni yeye tu.

Kinga ya hitilafu hiyo haitokani na lugha ya programu iliyoingia fasheni. Inatoka kwenye nadharia ya muamala, ambayo akina Jim Gray walianza kuifanyia kazi katika miaka ya 1970 juu ya msingi wa kanzidata uliowekwa na Edgar Codd mwaka 1970. Muamala ama unakamilika wote ama unahesabiwa haukuwapo. Na miamala miwili inayokwenda sambamba lazima itoe jibu lilelile ambalo lingepatikana kama ingefuatana mmoja baada ya mwingine. Hiyo ni hisabati. Inafundishwa ubaoni, inachosha, na ndiyo inayomfanya mama muuza samaki wa soko la Feri alale bila kuwaza kama hesabu ya hela yake imevurugika.

Mfano wa pili ni mfupi. Una orodha ya majina milioni moja na unatafuta yaliyojirudia. Ukililinganisha kila jina na mengine yote, utafanya milinganisho karibu bilioni 500. Kwa mashine inayofanya milioni moja kwa sekunde, hiyo ni kazi ya siku karibu sita. Ukiyapanga kwanza kwa alfabeti, kisha ukaangalia jina na jirani yake tu, kazi inashuka hadi hatua kama milioni 20, yaani sekunde 20 hivi. Hakuna kompyuta ya bei kubwa itakayokupa tofauti hiyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeielewa algoriti ya kupanga anakupa bure.

Kwa hiyo nadharia ibaki. Tatizo la vyuo vyetu liko upande ambao wenyewe hujivunia kuwa ndio wa vitendo: projekti ya mwaka wa mwisho.

Ili kuiona kasoro yake, turudi nyuma kidogo. Oktoba 1968, huko Garmisch, Ujerumani, wataalamu wapatao 50 walikutana kwa mwaliko wa kamati ya sayansi ya NATO kwa sababu mifumo mikubwa ya kompyuta ilikuwa inachelewa, inazidi bajeti na kuharibika. Mkutano ule ndio uliolipa jina la uhandisi wa programu heshima iliyo nayo leo. Wasiwasi wao haukuwa jinsi ya kuandika programu; waandishi walikuwapo. Walihangaika na kazi inayoandikwa na watu mia, inayotumika miaka 20, na ambayo walioianza wameshaondoka. Mwaka 1974 Meir Lehman wa Imperial College, London, akaeleza alichokiona kwa kufuatilia mfumo mkubwa wa IBM ukikua: mfumo unaotumika lazima uendelee kubadilishwa, la sivyo manufaa yake hupungua siku hadi siku, na kila unapobadilishwa unazidi kuwa mgumu kuelewa, isipokuwa mtu akifanya kazi ya makusudi ya kuusafisha.

Mwaka huohuo wa 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mpango wa kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta, katika Wizara ya Fedha, ulikuwa umekwama na kula fedha. Marufuku hiyo hutajwa mara nyingi kama kichekesho cha enzi za Ujamaa. Sikioni kichekesho. Serikali ilikuwa imenunua mashine kabla ya kuwa na watu wa kutosha wanaoweza kuufungua mfumo, kuusoma na kuurekebisha.

Leo mambo ni tofauti sana, na hapo ndipo hoja inapopata uzito. Anayelipa ada ya serikali Tanzania kwa kontroo namba anatumia GePG, mfumo uliojengwa na wataalamu wa ndani. Zabuni za umma zinapitia NeST, ambao mwaka 2023 ulichukua nafasi ya mfumo ulionunuliwa nje. Kenya nayo, ambako M-Pesa ilianza Machi 2007 kwa programu iliyoandikwa Uingereza na seva zilizokuwa Ujerumani, ilizihamishia nyumbani mwaka 2015. Mifumo hii itaishi. Walioiandika watapandishwa vyeo, watahama, watastaafu. Anayekuja kuirithi kesho yuko darasani leo, na chuo hakijawahi kumpa hata mara moja msimbo wa mtu mwingine wenye mistari elfu 50 kikamwambia: usome, kuna hitilafu humu, itafute.

Kinachompata badala yake kinajulikana kwa yeyote aliyepita vyuo hivi. Baada ya fildi kwenye ofisi ambayo huenda ilimpa kazi ya kufunga printa, anatafuta kichwa cha projekti. Anachagua mfumo wa kusimamia duka la dawa, au wa kukatia tiketi za basi, au wa kupangishia vyumba. Waliomtangulia mwaka jana waliandika huohuo, na wa mwaka juzi. Anauandika tangu mwanzo, mara nyingi wiki za mwisho, laptopu ikiwa ya kuazima kwa sababu bumu limechelewa. Siku ya kuutetea, unafanya kazi kwa dakika 15 mbele ya jopo. Anapata B+. Ripoti iliyojalidiwa inawekwa kwenye kabati la idara, na msimbo unabaki kwenye laptopu ile, ambayo inarudi kwa mwenyewe.

Mimi napendekeza projekti irithiwe. Idara ichague mifumo michache ambayo chuo chenyewe kinaihitaji, tuseme ratiba ya vipindi, ugawaji wa vyumba vya bweni, au maktaba, na kila kundi la mwaka wa mwisho likabidhiwe mfumo ulioachwa na kundi lililopita, pamoja na malalamiko ya watumiaji wake. Alama zitolewe kwa hitilafu zilizoondolewa, kwa maelezo yaliyoandikwa vizuri, hata kwa mistari iliyofutwa. Mfumo wa matokeo ya mitihani usiguswe, kwa sababu zinazoeleweka.

Jambo hili si ndoto. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, kwa ajili ya kliniki za Eldoret na maeneo jirani. DHIS2, unaobeba takwimu za afya za Tanzania na za makumi ya nchi nyingine, ulikuzwa Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshirikiana nao kwa miaka mingi. Mwanafunzi anayeingia kwenye kazi ya namna hiyo anakuta mfumo uliomtangulia na atauacha ukiendelea. Kasoro ni kwamba nafasi hizo zimekuwa zaidi za wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Wa shahada ya kwanza, ambao ndio wengi na ndio wanaokwenda moja kwa moja ofisini, wanabaki na duka la dawa.

Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, duka hilo la dawa limepoteza hata thamani ndogo liliyokuwa nayo. Akili unde inaliandika kwa jioni moja, na jopo halina njia ya uhakika ya kujua ni nani ameliandika. Vyuo vingine vimejibu kwa vitisho. Lakini mashine hiyo hiyo inakuandikia, kwa kujiamini kabisa, ile programu ya salio inayotoa 80,000 kwenye 50,000, na anayeweza kuikamata ni aliyezoea kusoma msimbo ambao hakuuandika. Kazi ya kuandika inashuka bei. Ya kusoma inapanda.

Mapingamizi nayajua. La kwanza ni kunakili: wakirithi, alama za nani ni za nani? Hili limeshatatuliwa tangu 2005, Linus Torvalds alipoandika Git, programu ambayo hutunza kila badiliko pamoja na jina la aliyelileta na saa aliyolileta. Inamwanika mvivu kuliko ripoti iliyojalidiwa. La pili ni wingi wa wanafunzi kwa kila mhadhiri, nalo ni la kweli, ingawa kusimamia mifumo mitano inayoendelea ni nafuu kuliko kusikiliza mifumo 60 inayofanana.

Pingamizi lenye meno ni la tatu, na halisemwi vikaoni. Mhadhiri hupanda cheo kwa makala alizochapisha kwenye majarida. Akiutunza mfumo wa maktaba kwa miaka kumi, ukatumiwa na wanafunzi elfu kadhaa na ukapitia mikono ya wahitimu 200, katika fomu yake ya kuomba uprofesa atapata sifuri, au karibu na sifuri. Mwenzake aliyeandika makala tatu kuhusu mifumo ambayo haikuwahi kutumika atamtangulia. Vigezo hivyo havikushuka na mvua. Vimeandikwa na watu walioko vyuoni na serikalini, na kurekebisha aya mbili za waraka wa utumishi hakuhitaji mfadhili wala maabara mpya.