Somo Halikamiliki Kabla Kijiji Hakijapata Majibu

Vyuo vya tiba nchini Tanzania huwatoa wanafunzi madarasani kwa muda na kuwapeleka wakajifunze katika jamii. Utaratibu huo una busara. Darasani, kichocho ni mchoro wenye mishale: yai, konokono, kimelea, ngozi ya binadamu. Katika nchi ya wafugaji na wakulima wa pamba kama Dutwa, wilayani Bariadi, mchoro huo hugeuka kuwa lambo: ng'ombe wanakunywa, mama anafua, watoto wanaogelea.

Daktari aliyekariri mchoro atamwambia mama asiingie majini. Aliyekaa kijijini atauliza kwanza: maji mengine yako wapi? Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi mtoto asiambukizwe tena atakaporudi lamboni. Kwa hiyo swali la maji ni sehemu ya tiba.

Hata hivyo, ziara hizi huweza kuacha deni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanafunzi wakipima mkojo wa watoto, wakajaza madodoso na kuondoka, ripoti hupata alama kisha ikalala kabatini; mwenyeji hapati kitu. Mwaka unaofuata, mgeni mwenye dodoso hujibiwa kwa adabu, si kwa ukweli, na utafiti wenyewe huharibika.

Deni hilo hulipika bila gharama kubwa. Kabla ya kuondoka, wanafunzi waueleze mkutano wa kijiji walichobaini, bila kutaja jina la mtu, kwa Kiswahili chepesi, na mwenyeji awafasirie wazee kwa Kisukuma. Kila aliyepimwa apewe majibu yake kwa faragha. Aliyekutwa na ugonjwa akabidhiwe kwa watoa huduma wa zahanati. Nakala ya ripoti ibaki kwa mganga mfawidhi, kwani ndiye atakayebaki na wagonjwa. Mhadhiri naye asikamilishe alama kabla ya kuthibitisha kwamba hayo yametendeka.

Mwananchi pia ana nafasi yake. Kabla ya kutoa mkojo au damu, ana haki ya kuuliza kipimo ni cha nini na majibu yatarudi lini, na akikataa asinyimwe huduma yake ya kawaida. Mwanafunzi asiyeweza kujibu maswali hayo mawili bado hajawa tayari kupima mtu.