Tingatinga la Jonglei Lina Funzo Kwetu

Mtu aonapo tingatinga likichimba kinamasi, ni rahisi kudhani kwamba kazi yote ni nguvu ya chuma. Mimi nalikataa wazo hilo, na ushahidi wangu umesimama nyikani Sudan Kusini ukiliwa na kutu.

Mwaka wa 1978 ulianza kuchimbwa Mfereji wa Jonglei, uliokusudiwa kuwa na urefu wa kilomita 360, ili maji ya Mto Nile yasipotelee katika kinamasi cha Sudd bali yateremke hadi Sudan kaskazini na Misri. Udongo wa huko ni mfinyanzi mweusi: mvua ikinyesha hunata na kuzamisha magari, jua likiwaka hukauka ukapasuka. Basi likaletwa jitu la chuma lililoundwa Ujerumani na kutumika kwanza Pakistan. Lina uzito wa zaidi ya tani 2,000, hutembea kwa minyororo, na huchota udongo kwa gurudumu kubwa lililozungushiwa ndoo.

Kwa ufundi, sina la kulilaumu. Lilichimba zaidi ya kilomita 240. Lakini wafugaji wa huko, ambao ng'ombe wao hutegemea malisho yaachwayo na mafuriko, hawakushauriwa ipasavyo. Wanafunzi wa Juba walikuwa wamekwisha kuandamana mwaka wa 1974 kuupinga mradi huo. John Garang aliuchambua katika tasnifu yake ya uzamifu nchini Marekani mwaka wa 1981. Mwaka wa 1984, wapiganaji wake wa SPLA waliishambulia kambi ya wachimbaji, na kazi ikakoma. Limebaki handaki linalozuia njia za mifugo na wanyamapori.

Wapo watakaosema kwamba mafuriko nayo huangamiza, na mito haina budi kuzibuliwa. Huenda ni kweli. Hata hivyo, mwaka wa 2022, mitambo ya kuzibua mito ilipowasili kutoka Misri, wananchi walidai uchunguzi ufanywe kwanza, na Rais Salva Kiir akaisimamisha kazi hiyo. Naona hapo funzo lilikuwa limeanza kueleweka.

Nawasihi walimu wa Jiografia waifundishe habari hii kikamilifu, kwani mito yetu inayoingia Ziwa Victoria nayo huulisha Mto Nile. Mhandisi wa kesho, kabla ya kupima kina cha tope, na asikilize hoja za wanaoishi kando yake. Kuuliza si ujinga.