Barua ya Bwana Shamba: Mgonjwa wa Kitandani Hugeuzwa

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi. Nilikuambia usiweke gunia juu ya sakafu tupu. Tengeneza kwanza kichanja cha miti, ili hewa ipite chini. Gunia linalokaa sakafuni muda mrefu huoza upande wa chini. Ukilitazama juu, unaliona zima. Kumbe chini limekwisha kuharibika.

Mwezi huu sizungumzi juu ya mahindi wala mifugo. Nazungumza juu ya mzee aliyelala ndani ya nyumba, asiyeweza kuinuka mwenyewe. Labda ni baba yako. Labda ni bibi yako. Labda ni jirani asiye na mtoto.

Utaniuliza: Je, bwana shamba anajua nini juu ya wagonjwa? Ni swali zuri. Mimi sikusomea uuguzi. Nilisomea kilimo. Lakini jambo hili nilijifunza nyumbani kwetu, na nilijifunza baada ya kukosea.

KOSA LETU

Mwaka 2016 baba yangu alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ukapooza. Hakuweza kusema vizuri. Alitibiwa hospitalini, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani. Hatukuelezwa namna ya kumtunza, na sisi hatukuuliza.

Sisi watoto tulitaka kumheshimu. Tulinunua godoro jipya. Tulimlaza chali, tukamfunika vizuri. Tukamwambia, "Baba, pumzika." Tulimlisha uji akiwa amelala vile vile. Watu waliokuja kumwona tuliwaambia wasimsumbue. Tulidhani huo ndio utunzaji.

Siku ya tisa mama aliona alama kwenye shuka. Tulipomgeuza baba tulikuta kidonda juu ya matako, pale uti wa mgongo unapokwisha. Kilikuwa na upana wa kizibo cha soda. Baba alikuwa na maumivu, lakini hakuweza kutuambia.

Tulimwita muuguzi wa zahanati, mama wa makamo. Alimwamkia mama yangu. Akanawa mikono kwa sabuni. Akamtazama baba mwili mzima, tangu kisogoni mpaka visiginoni. Kisha akaniuliza, "Bwana shamba, gunia likikaa sakafuni mwezi mzima, chini unakuta nini?"

Sikuwa na la kujibu. Jambo ninalowafundisha wakulima kila msimu, sikulifanya kwa baba yangu.

KIDONDA HUTOKEA VIPI?

Kidonda hiki huitwa kidonda cha kulala. Si uchawi, wala si laana. Mtu akilala upande mmoja muda mrefu, mifupa hubana nyama juu ya kitanda. Damu haipiti vizuri mahali pale. Nyama isiyopata damu hufa. Ndipo ngozi hupasuka.

Mtu mzima wa afya hajui jambo hili, kwa sababu hujigeuza mwenyewe usingizini. Mgonjwa aliyepooza hawezi. Sisi ndio tuwe mikono yake.

Vidonda hivi hupenda kutokea mahali penye mfupa karibu na ngozi. Mahali hapo ni kisogo, mabega, viwiko, nyonga, chini ya mgongo, vifundo vya miguu na visigino. Hutokea haraka zaidi kama shuka lina mkojo au jasho, na kama mgonjwa hali vizuri.

NAMNA YA KUMGEUZA

Muuguzi alituambia tumgeuze baba kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Alituonyesha hivi:

Kwanza, mwambie mgonjwa unachotaka kufanya. Sema, "Baba, sasa nakugeuza upande wa kushoto." Usimshtue.

Pili, simama upande anaogeukia, karibu na kitanda. Mkunje goti la upande wa pili. Weka mkono wako mmoja nyuma ya bega lake na mwingine nyuma ya nyonga. Mvute polepole kuja kwako. Wewe kunja magoti yako, usipinde mgongo. Ukipinda mgongo, kesho mtakuwa wagonjwa wawili.

Tatu, weka mto nyuma ya mgongo wake ili asirudi chali. Weka mto mwingine katikati ya magoti. Kama huna mito, kunja kanga au blanketi. Akilala chali, weka nguo iliyokunjwa chini ya ndama za miguu, ili visigino visiguse kitanda.

Usimburute juu ya shuka. Kuburuta huchubua ngozi. Muwe watu wawili, mmuinue kidogo kwa shuka, ndipo mmsogeze. Wala usimvute kwa mkono uliopooza. Bega lake linaweza kuteguka.

Watu wengine humkalisha mgonjwa juu ya mpira wa duara wenye tundu katikati. Usifanye hivyo. Ule mpira hubana damu pande zote za tundu.

ANGALIA NGOZI KILA SIKU

Kila unapomwosha, tazama ngozi yake mahali penye mifupa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Kwa hiyo tumia mkono wako pia. Je, mahali hapo pana joto kuliko pengine? Je, pamekuwa pagumu, au pamebadilika rangi? Hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Usipasugue. Usimlaze tena upande huo mpaka pawe sawa.

Kama ngozi imekwisha kupasuka, usitie jivu, wala kinyesi cha ng'ombe, wala mafuta ya taa. Peleka habari zahanati siku hiyo hiyo.

KUMWOGESHA

Mgonjwa wa kitandani huogeshwa kila siku. Tayarisha kila kitu kwanza: beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni, vitambaa viwili, nguo kavu. Nawa mikono yako. Funga mlango. Mzee ni mzee hata akiwa hawezi kusema. Usimvue nguo zote mbele ya wajukuu. Funua mahali unapoosha tu, kisha pafunike.

Anza na uso. Halafu mikono, kifua, miguu, mgongo. Malizia sehemu za siri, kwa kitambaa kingine. Kwa mwanamke futa kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu wa haja kubwa usiingie kwenye njia ya mkojo. Kausha vizuri, hasa kwenye mikunjo ya ngozi. Ukimaliza, nawa mikono tena.

Akijisaidia kitandani, mbadilishe mara moja. Usimgombeze. Anaona aibu kuliko wewe. Usimnyime maji ya kunywa ili asikojoe. Kufanya hivyo ni kumdhuru.

Msafishe na kinywa, asubuhi na jioni, kwa mswaki laini au kitambaa safi chenye maji.

KUMLISHA

Hapa nasi tulikosea. Tulimlisha baba akiwa amelala. Alikuwa anakohoa kila kijiko, nasi tukadhani ni mafua. Muuguzi alisema uji ulikuwa unataka kuingia kwenye njia ya hewa. Uji ukifika mapafuni huleta homa ya mapafu, nayo huweza kuua.

Mgonjwa wa kiharusi apimwe kwanza na mtaalamu kama anaweza kumeza. Akiruhusiwa kula, mkalishe wima, mwegemeze kwenye mito. Kidevu kielekee chini kidogo. Mpe kidogo kidogo, upande wa kinywa usiopooza. Ngoja ameze, ndipo utie kijiko kingine. Akikohoa au sauti yake ikiwa kama ina maji, acha. Akimaliza, tazama kama chakula kimebaki shavuni. Mwache akae wima nusu saa kabla ya kumlaza.

Kidonda hakiponi kwa uji mtupu. Mpe maharage, mayai, dagaa, samaki au maziwa, chochote mlicho nacho. Ponda kiwe laini. Mboga na matunda pia. Mkojo ukiwa mchache na wenye rangi nzito, mara nyingi maji hayamtoshi.

Vile vile nyoosha na kunja viungo vyake polepole, mara mbili au tatu kwa siku: vidole, kiwiko, bega, goti, kifundo. Kiungo kisichotumika hukaza. Akionyesha maumivu, acha.

USINGOJE

Mpeleke kituo cha afya au mwite mtaalamu ukiona haya:

Ana homa.
Anapumua kwa shida.
Ameanza kuchanganyikiwa ghafla.
Hakojoi.
Kidonda kinanuka, kina usaha au kinaongezeka.
Mdomo umepinda ghafla au mkono umelegea. Hii ni dalili ya kiharusi. Usingoje hata saa moja.

KARATASI YA MAMA

Siku ile muuguzi aliuliza, "Nani hapa anajua kuandika?" Mimi nikainua mkono. Yeye akasema, "Wewe unashinda mashambani. Nataka mtu anayeshinda hapa."

Mama yangu alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima. Alizoea kuandika jina lake na hesabu za mayai tu. Muuguzi akampa karatasi. Mama akaandika saa upande mmoja, na upande wa pili akaandika: kulia, kushoto. Kulia na kushoto yanaanza kwa herufi moja, kwa hiyo aliandika neno zima kila mara, asikosee. Karatasi yake ilikuwa hivi:

Saa 12 asubuhi: kulia
Saa 2: kushoto
Saa 4: kulia
Saa 6 mchana: kushoto

Iliendelea hivyo mpaka alfajiri. Akaibandika ukutani. Kila aliyemgeuza baba aliweka alama ya kalamu. Sehemu isiyo na alama ilimwonyesha kila mtu kwamba zamu imerukwa. Hapakuwa na ubishi.

Zamu hizo tuligawana. Mwanzoni kazi yote ilikuwa juu ya mama na mke wa kaka yangu. Mimi na kaka tulikuwa tunaingia, tunamwamkia baba, tunatoka. Muuguzi alitukataza. Alisema mtu mmoja hawezi kugeuza mgonjwa mchana na usiku, naye akabaki mzima. Tangu siku hiyo mimi nilichukua saa 4 na saa 6 usiku. Kaka alichukua saa 8 na saa 10. Mama akalala.

Kidonda kilichukua miezi minne kupona. Baba aliishi miaka miwili zaidi. Hakupata kidonda kingine. Alianza kukaa kwenye kiti nje, chini ya mwembe, na kutambua wajukuu. Nilipokuwa namgeuza usiku alinishika mkono kwa mkono wake wa kushoto. Hakuweza kusema asante, nami sikuhitaji aseme.

Ndugu msomaji, Serikali inayo makazi ya wazee wasio na watu wa kuwatunza, kama Kolandoto huko Shinyanga na Bukumbi huko Mwanza. Lakini wazee wengi wamo majumbani mwetu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo msingi wa matunzo yao. Familia haihitaji vifaa vya ghali. Inahitaji sabuni, maji, mito ya kanga, mikono ya watu kadhaa, na karatasi ukutani.

Kama nyumbani kwako yupo mzee wa kitandani, usingoje kesho. Ukimaliza kusoma, nenda ukamgeuze. Tazama chini ya mgongo wake na visigino vyake. Kisha chukua kalamu uandike zamu.

Kama kwako hayupo, pita kwa jirani. Chukua zamu moja.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kutayarisha mbegu.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda?
2. Taja mahali patano pa mwili panapopata vidonda vya kulala.
3. Kwa nini ni hatari kumlisha mgonjwa akiwa amelala?
4. Andika zamu za kumgeuza mgonjwa kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni.
5. Katika nyumba yenu, nani angechukua zamu za usiku?